Pilipili ya Mama na Presha Yangu

Kama umetoka kliniki leo na kadi iliyoandikwa namba mbili, moja juu ya nyingine, na kila mtu uliyemwonyesha amekupa dawa yake, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakufundisha udaktari, maana siujui. Nilikuwa karani wa mzani wa malori katika kiwanda cha saruji kule Athi River, na kwa miaka kumi na minane kazi yangu ilikuwa kusoma namba na kuziamini. Namba za mwili wangu ndizo zilizonishinda. Mama alizikwa mwaka juzi. Akiwa hai nisingeweza kuandika haya, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Yalianza wakati wa ile mvua kubwa ya mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Waliokuwa Kitengela wakati huo wanaikumbuka. Udongo wetu mweusi uligeuka uji, na kutoka nyumba tuliyopanga kule Noonkopir hadi barabara ya lami nilivaa gambuti, viatu vya kazi nikavibeba kwenye mfuko wa plastiki. Kisogo kilikuwa kikiniuma kila asubuhi. Nililaumu baridi, halafu nikalaumu mto wa kulalia. Siku moja nilimwandikia dereva tikiti ya mzani mara tatu na mara zote nikakosea, kwa sababu namba zilikuwa zikicheza mbele ya macho yangu. Msimamizi wangu aliniangalia akasema, "Asava, wewe si mlevi. Enda daktari akuangalie."

Kliniki ilikuwa na vyumba viwili na veranda yenye benchi moja refu. Tuliacha gambuti zetu mlangoni, jozi kama ishirini hivi, zote nyeusi, zote na tope lilelile. Muuguzi alinifunga kile kitambaa mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Baba, umekuja ukikimbia?"

"Hapana, niko hapo kwa benchi tangu saa mbili."

Akaandika mia na tisini juu, mia na kumi na tano chini. Daktari aliniambia ni presha, kwamba ni ya kunywa dawa kila siku, nipunguze mafuta na niache chumvi. Kuhusu pilipili hakusema neno, nami sikuuliza, maana niliogopa jibu. Nilipotoka nilivaa gambuti moja yangu na nyingine ya mtu, na nikafika nyumbani bila kutambua.

Sasa lazima nikueleze kwa nini niliogopa.

Kwetu ni Maragoli. Baba yangu alikuwa liguru, yaani mkuu wa kijiji, mtu wa kusuluhisha kesi za mipaka na za mbuzi waliokula mahindi ya jirani. Kesi ikiisha, wazee walikula kwetu. Na kwetu, mwanaume wa heshima akila mbele ya wenzake hula pilipili bila kukunja uso. Ukitokwa na machozi, utachekwa hadi sokoni. Mama alikuwa na pilipili yake: zile ndogo kali zinazoota nyuma ya jiko, zilizotwangwa na chumvi ya mawe, zikamwagiwa maji ya ndimu, zikaanikwa juani siku tatu ndani ya chupa ya jemu. Baba alichota kijiko kizima akala kama anayekula maharagwe. Wazee walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa mvulana wa kumkodolea macho, na nilijifundisha kula ile chupa kabla sijajifundisha kunyoa ndevu. Mama mwenyewe hakuigusa. Yeye alichuma pilipili mbichi kutoka kichakani, akaing'ata nzima pamoja na ugali, bila kitu kingine.

Nikiwa kidato cha pili, baba alianguka mezani mchana, baada ya kesi ya mpaka. Tonge lilimdondoka mkononi, mdomo ukaenda upande, akaanguka. Chupa ilikuwa mbele yake. Watu walisema pilipili ndiyo iliyompasua mishipa ya kichwa. Hakuna aliyewapinga, na mama hakusema lolote.

Basi fikiria hali yangu. Nimeambiwa nina presha, na nyumbani Noonkopir chupa ileile iko mezani, kwa sababu mvua hiyohiyo ilikuwa imebomoa ukuta wa nyumba ya mama na nilikuwa nimemleta akae nasi. Alikuja na mfuko wa pilipili zilizokaushwa na mbegu za kupanda. Akazipanda kwenye karai kuukuu karibu na tangi la maji, na zikashika vizuri kuliko mahindi ya majirani.

Dawa za kwanza zilikuwa vidonge vidogo vya manjano. Saa moja baada ya kumeza, uso uliwaka, masikio yakawaka, moyo ukapiga mbio. Ni hisia ileile ninayoipata nikila pilipili, kwa hiyo sikujua kipi kinaniwasha. Nikimeza dawa kabla ya kula, nawaka. Nikila kabla ya dawa, nawaka. Jioni vifundo vya miguu vilivimba hata soksi zikaacha alama, na mke wangu Rasoa alivibonyeza kwa kidole akatazama shimo likijaa polepole. Nilimwona akihesabu watoto kwa macho.

Nikabadilishiwa dawa. Miguu ikapona, kikohozi kikaanza. Kikohozi kikavu, kisicho na makohozi, cha kunikatiza katikati ya sentensi. Rasoa akasema, "Ni hiyo pilipili inakukwaruza koo, Baba Kageha." Mama akasema pilipili ndiyo dawa ya kikohozi, akanisogezea chupa. Mimi niliwasikiliza wote wawili, nikala, nikakohoa. Miezi mitano baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ni kidonge chenyewe kilichokuwa kikinikohoza, nikapewa kingine. Miezi mitano mizima wanawake wawili waligombana juu ya koo langu, na wote walikuwa wamekosea.

Huku nje kila mtu alikuwa na elimu. Pale mzanini alipita wakala mmoja wa forodha kutoka Namanga, mtu wa suti na mdomo mwingi, akiniletea pilipili za Tanzania kwenye karatasi. "Hii kitu inafungua mishipa," aliniambia. "Si unaona vile inakutoa jasho? Damu inapata njia." Na kweli, nikishamaliza kula pilipili nilijisikia mwepesi, kisogo kimeachia kidogo. Nikamwamini wiki nzima. Halafu katika foleni ya kliniki mama mmoja wa makamo akaniambia mjomba wake alikufa kwa pilipili, sawa na baba yangu. Nikamwamini na yeye.

Landlodi wetu, Mzee Njoroge, aliyekula irio na viazi vya kuchemsha maisha yake yote, alinicheka kila akinikuta veranda na chupa yangu. "Pilipili usiyoila yakuwashiani," alisema, "lakini wewe unakula, acha ikuwashe." Mwaka huohuo akapatikana na presha kuzidi yangu. Mama Sein, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, alisikia habari zetu akashangaa. "Sisi hatukulangi hiyo kitu hata kidogo," alisema, "na mzee wangu iko na presha. Imeingilia wapi?" Nikakaa pale na sufuria ya maziwa mkononi.

Agizo moja tu ndilo nililolifuata bila kuteleza, nalo ni la chumvi. Rasoa alipika sufuria mbili, moja ya watoto na moja yangu. Sijui kama umewahi kula mboga ya sukuma isiyo na chumvi siku mia mfululizo. Inafanana na kutafuna kitambaa kilicholoa. Bila chupa ya mama nisingemeza. Zamani nilichota kijiko kimoja. Sasa nilichota viwili, mchana na jioni, na Jumapili vitatu. Mama alifurahi kuona mwanawe ana hamu ya chakula. Chupa iliyokuwa ikimaliza mwezi sasa ilimaliza wiki, na nyingine ilikuwa tayari juu ya tangi, ikianikwa.

Presha ikapanda. Muuguzi wa kliniki akaniuliza mbele ya Rasoa, "Baba, unakula chumvi?"

"Hata punje," nikasema. Nilikuwa tayari kuapa.

Akamgeukia Rasoa kwa jicho ambalo mke yeyote analijua. Njiani kurudi, tulipofika kwenye duka la kona, akasema, "Napika sufuria mbili mwaka mzima, na bado mimi ndiyo naonekana mbaya." Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mwenyewe zaidi, hilo nakiri.

Wakaongeza dawa. Ikaongezwa na ya kukojolesha, ambayo karani wa mzani hapaswi kupewa, kwa sababu lori halisubiri. Mwaka wa elfu mbili ukafika na ukame. Stima ilikuwa ya kugawana. Ng'ombe walipita Kitengela mchana kutwa wakielekea Nairobi kutafuta majani ya kando ya barabara, mifupa imechora ngozi, na vijana waliowachunga walikuwa na midomo iliyopasuka. Karibu na mzani wetu alianguka ng'ombe mmoja akashindwa kuinuka. Nilimtazama nikahisi ananihusu.

Siku moja ya Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana, tonge lilinidondoka mkononi.

Nililitazama pale sakafuni. Nilitaka kuliokota na mkono haukutaka. Mama alikuwa ameketi mbele yangu, na nilimwona akiona kile nilichokuwa nikiona: kijana wa kidato cha pili mlangoni, na baba mezani. Rasoa alinishika begani akaniita jina langu la nyumbani, ambalo huwa halitumii. Nilijaribu kumjibu na ulimi ukawa mzito. Niliogopa sana. Nimesoma watu wanaosema waliona maisha yao yote yakipita; mimi niliona chupa tu.

Gari la kiwanda lilikuwa likielekea Kajiado kuchukua mawe ya chokaa, na dereva, Mungu amlinde, alipita kunichukua. Tulipofika hospitali ya serikali kule, mkono ulikuwa umeshaanza kurudi. Daktari alisema lilikuwa onyo, kwamba mlango umebishwa na haukufunguliwa. Nikalazwa siku tatu. Kitanda cha jirani kilikuwa na mzee wa Kimaasai ambaye upande wake mmoja ulikuwa umelala kabisa, na kila asubuhi alininyoshea mkono ule mzuri, akanisalimia "Supa", nami nikamjibu "Ipa", na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Alinifariji kuliko alivyojua.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu, na hofu ikikaa ndani ya mtu siku tatu inageuka kitu kingine. Mama alikuwa ameandaa chakula. Chupa ilikuwa mezani mahali pake. Alinyosha mkono kunisogezea, kama miaka yote, na mimi nikasema maneno ambayo ningelipa chochote kuyarudisha.

"Hii pilipili yako ndiyo ilimuua baba. Sasa unataka kunimalizia mimi?"

Ulimi hauna mfupa. Rasoa aliweka mwiko chini. Mama alichukua kifuniko, akaifunga ile chupa, akaikaza mara mbili, akaifunga kwenye leso yake. Siku ya pili yake akaniambia kwa upole kwamba ukuta wa nyumba yake ulishatengenezwa, na kuku wanahitaji mtu. Mtoto wetu Kageha alilia akimshikilia sketi, akiita guku, guku, yaani bibi. Nilimsindikiza hadi steji ya basi. Alinipa baraka kama kawaida, na hilo lilinichoma kuliko kama angenilaani.

Nikaacha pilipili kabisa. Mwezi mmoja baadaye nikarudi Kajiado, kwa kuwa sasa walinitaka kliniki yao ya presha kila mwezi. Benchi lao lilikuwa refu zaidi na lilikuwa juani hadi saa tano, na sisi wagonjwa tulikuwa tukisogea pamoja kufuata kivuli, wote kwa zamu, bila mtu kupoteza nafasi yake. Sista aliyetupima aliitwa Naisiae, mama mnene mwenye sauti ya chini. Akapima, akapima tena, akatabasamu. Mia na arobaini.

Basi ni pilipili. Nilitoka pale mshindi. Nilimwambia wakala wa Namanga hajui lolote, nikamwambia Mzee Njoroge, nikamwambia hata yule dereva. Ningekuwa na simu ya kumpigia mama sijui ningemwambia nini. Nilikuwa sahihi, na usingizi haukuja.

Lakini mwili una tabia zake. Mwezi wa pili, pale kibandani tulipokula mchana, mpishi aliweka sahani ya pilipili mbichi za kijani, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikang'ata moja kama mama. Kesho yake moja. Wiki tatu nilikula kila siku kwa siri, nikitoka jasho, nikijiambia ni ya mwisho, nikiona aibu kama mtu aliyerudia sigara. Nilienda Kajiado nikijua nitakamatwa. Sista Naisiae akapima. Mia thelathini na nane.

Nilimwomba apime mkono mwingine. Akapima. Ni ileile. Nikaanza kucheka vibaya, na kabla sijajua nikawa nikimweleza yote: baba, chupa, tonge, mama, wakala wa Namanga, Mama Sein, pilipili za kibandani. Nyuma yangu foleni ilikuwa ikisubiri na hakuna aliyelalamika, nadhani kwa sababu walitaka kusikia mwisho.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akauliza swali moja. "Hiyo ya mama ilikuwa imetengenezwa na nini?"

"Pilipili."

"Na nini ingine?"

"Ndimu. Na chumvi, ya kuitunza isiharibike."

"Chumvi ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimemwona mama akitwanga mara mia, na sikujua. Akaniambia nikiwa bado ninayo nimletee. Ile iliyokuwa mezani mama alikuwa ameondoka nayo, lakini ya pili ilikuwa bado juu ya tangi, imesahaulika, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuitupa. Mwezi uliofuata niliibeba Kajiado nimeifunga kwa gazeti. Sista akachota kijiko akaweka kwenye kikombe, akamwaga maji ya moto, akakoroga, akagusa kwa ncha ya ulimi. Akafumba jicho moja.

"Baba Kageha, hii si pilipili," alisema. "Hii ni chumvi imepakwa rangi."

Nilikaa chini. Zaidi ya miaka miwili mke wangu alipika sufuria mbili. Muda wote huo niliapa sijala punje, na kwa imani yangu nilisema kweli, kwa sababu nyumbani kwetu kile kitu hakikuitwa chumvi. Kiliitwa pilipili tangu nizaliwe. Hata nilipokimwaga vijiko viwili juu ya sukuma na sukuma ikapata ladha, sikujiuliza ladha ile imetoka wapi. Mimi niliyepima malori miaka yote hiyo. Dereva akisema amebeba saruji, niliandika saruji. Niliusoma uzito, sikufunua turubai.

Nikamuuliza Sista, na pilipili yenyewe je? Inapandisha au inashusha? Nakupa jibu lake jinsi alivyonipa, kwa sababu ni la maana kuliko ya wote walionifundisha. "Kuna wenye wanasema inalegeza mishipa kidogo. Kuna wenye wanasema ukila mingi inapandisha kwa muda. Mimi sijui, na hata madaktari bado wanabishana. Kula kiasi, kama tumbo yako inakubali. Lakini dawa usiache, na chumvi usiiletee jina lingine."

Kwa hiyo, wewe uliyetoka kliniki leo, kama utachukua kitu kimoja kwangu, chukua hiki: usiulize tu kama kitu fulani ni kibaya. Beba chupa zako zote, mchuzi wa duka, magadi ya maharagwe, pilipili ya mama yako, uziweke mezani mbele ya muuguzi, ufunue vifuniko. Na uulize lile swali unaloliogopa. Mimi ningeliuliza siku ile ya gambuti, ningeokoa miaka mitatu, na mama yangu asingepanda lile basi.

Mvua ziliporudi nilichukua likizo nikaenda Maragoli. Nilibeba sukari, majani ya chai na leso mpya. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nitamwambia pilipili yake haina hatia, kwamba ni chumvi, kwamba hospitali imethibitisha, kwamba anisamehe. Nilifikiri hilo neno chumvi litamwondolea mzigo ambao kijiji kilimtwika tangu siku ya msiba, na nikauongeza mimi.

Nilimkuta nyuma ya jiko akichuma. Alinikaribisha, akaulizia Rasoa, akaulizia Kageha, akaulizia mkono wangu. Nikamwonyesha kwamba unakunja na kukunjua. Tukaketi kwenye viti vidogo vya jikoni. Nikasema, "Mama, nilikukosea. Pilipili haikuwa na makosa. Si yenyewe ilimuua baba."

Mama akacheka, kicheko kidogo, huku anafuta macho kwa pindo la leso.

"Mimi nilijua si pilipili," akasema. "Baba yako alikuwa hawezi kula pilipili."

Nikamwangalia.

"Hakuweza kabisa. Mwaka wa kwanza kuwa liguru alionja mbele ya wazee, machozi yakamtoka, wakamcheka hadi sokoni. Alikuja hapa jikoni akakaa kwa hicho kiti umekalia, akaniambia, mama, watu hawataniheshimu. Ndiyo nikaanza kupunguza pilipili kwa chupa yake, naongeza chumvi. Kila mwaka napunguza kidogo, naongeza kidogo. Mwisho akawa anakula kijiko kizima, wazee wanashangaa." Akatabasamu peke yake. "Hakuna mtu alijua. Hata wewe. Hiyo chumvi ndiyo ilimtunzia jina."

Neno nililokuwa nimelibeba kutoka Kajiado lilikuwa mdomoni, limeshafika kwenye meno. Niliitazama mikono yake, ile ya kutwanga, iliyopasuka vidole, na nilielewa nini nilikuwa karibu kumfanyia. Nililia mbele yake, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, na akadhani ninamlilia baba. Labda nilikuwa ninamlilia pia. Na hata sasa sijui. Baba alikuwa na uzito, alikuwa na hasira, alikuwa na kesi za watu kichwani miaka yote. Nani atasema ni kijiko kipi? Mama alikula pilipili kali zaidi yetu sote na alizikwa akiwa na zaidi ya miaka themanini, mkono wake ukishika tonge hadi wiki ya mwisho.

"Na hao watu wa hospitali," akaniuliza, "walisema nini ilimuua, basi?"

"Walisema hawajui, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Siku ya kuondoka nilimkuta amenitolea kinu na ile chupa ya jemu, ameiosha. Nikamwambia asijisumbue kutwanga, anipe tu pilipili zilizokaushwa, nitatwanga mwenyewe nikifika Kitengela. Alizifunga kwenye karatasi polepole, akinitazama kwa mashaka.

"Wewe utasahau kuweka chumvi," akasema.

Nikamwambia sitasahau.